Sentimita ishirini kati ya chubwi na ndoana

Wavuvi wengi wakijiandaa kumfuata samaki mkubwa kutoka ufukweni hufikiria unene kwanza: ndoana nene, uzi mnene, chubwi zito, yaani kile kizito cha kuzamishia chambo. Mimi nafikiria urefu kwanza. Kabla sijagusa ndoana najiuliza itakaa umbali gani kutoka kwenye chubwi, kwa sababu umbali huo ndio unaoamua rigi, yaani chubwi, uzi na ndoana vilivyofungwa pamoja, itarukaje hewani, itatuliaje chini, na samaki atanasa sehemu gani ya mdomo. Kwenye fukwe za mchanga jibu langu ni lile lile karibu kila mara: sentimita 15 hadi 20, basi.

Nikisema samaki mkubwa namaanisha wa kilo kumi kwenda juu: kolekole, songoro, chewa, taa, papa. Hawa hawakai mbali na nchi kavu kama inavyodhaniwa. Mawimbi yakivunjika juu ya fungu la mchanga hufukua kaa na minyoo na kuwavuruga samaki wadogo, na wakubwa huingia kula kwenye mfereji ulio kati ya fungu na ufukwe, mara nyingine mita 30 tu kutoka pale maji yanapoishia. Kwa hiyo rigi inatakiwa kufanya kazi ndani ya vurugu. Lida, yaani kipande cha uzi kinachobeba ndoana, ikiwa ya mita moja na nusu haitulii katika maji hayo. Wimbi linaisukuma mbele, maji yakirudi yanaivuta nyuma, na baada ya muda mfupi imejiviringisha kwenye mshipi mkuu. Unakaa nusu saa ukisubiri, kumbe chambo kimesokotwa pamoja na chubwi na hakuna samaki atakayekigusa.

Hewani mambo ni hayo hayo. Chubwi la gramu 200 na kipande cha samaki cha gramu 150 vikitenganishwa na lida ndefu huzungukana vikiwa angani, na kila mzunguko unakula mwendo. Ukivisogeza karibu vinaruka kama kitu kimoja. Ukilinganisha rigi hizo mbili kwa fimbo ile ile na mkono ule ule, tofauti utaiona kwa macho.

Lakini sababu iliyonifanya nishikilie ufupi ni mdomo wa samaki. Samaki mkubwa huokota chambo, hukifunga mdomoni, kisha hugeuka aondoke. Akiwa na mita nzima ya lida iliyolegea anaweza kugeuka, kusogea na kumeza kabla hajahisi uzito wowote, na hapo ndoana inanasa kooni au tumboni. Akiwa na sentimita 15 anakutana na chubwi mara tu anapogeuza kichwa, chambo kikiwa bado mdomoni. Kule North Carolina, Marekani, wavuvi wa samaki aitwaye red drum wanalijua hili vizuri. Ufukwe wa Avon katika jimbo hilo ndiko alikotoka red drum wa rekodi ya dunia, paundi 94 na wakia 2, yaani karibu kilo 42.7, mwezi Novemba 1984. Katika maji ya Pamlico Sound, ghuba ya jimbo hilo, wakati samaki hao wanapokusanyika kuzaliana, kanuni za jimbo zinataka anayetumia ndoana kubwa na chambo cha asili awe na ndoana ya duara iliyobonyezwa kijino chake, na chubwi lililofungwa lisisogee, umbali usiozidi inchi 6 kutoka kwenye ndoana. Inchi 6 ni sentimita 15. Kanuni hiyo imewekwa ili samaki wakubwa waachiliwe wakiwa hai, na mvuvi naye anafaidika, kwa sababu samaki aliyenasa pembeni mwa mdomo hachomoki kirahisi.

Sasa tuijenge rigi yenyewe, tukianzia kwenye rili.

Kitu cha kwanza ni lida ya kurushia, uzi mnene unaounganishwa na mshipi mkuu ili kubeba nguvu ya kurusha. Hapa sina mjadala na mtu. Chubwi la gramu 150 likikatika katikati ya mrusho linaruka kwa kasi ya kuua, na ufukweni hauko peke yako. Kanuni ya kale ni paundi 10 za uzi kwa kila wakia moja ya uzito unaorushwa. Wakia ni gramu 28, kwa hiyo chubwi la gramu 150 linahitaji uzi wa paundi 50 hadi 60, na la gramu 225 linahitaji paundi 80. Chambo nacho kihesabu, maana kichwa cha mkizi si unyoya. Kuhusu urefu, pima fimbo yote, ongeza kile kipande kinachoning'inia kutoka nchani unapojiandaa kurusha, kisha ongeza mizunguko sita kwenye rili. Kwa fimbo ya mita 4 utapata karibu mita 8. Ile mizunguko sita ndiyo inayoshika wakati wa kurusha. Fundo likiwa nje ya rili, umeshautegemea mshipi mwembamba kwa kazi isiyo yake.

Fundo linalounganisha hizo mbili lina mahali pake pia. Kwenye rili ambayo kigurudumu chake cha uzi huzunguka wakati wa kurusha nalielekeza upande ulio mbali na kidole gumba, kwa sababu fundo linalopita chini ya kidole kwa kasi hukata ngozi. Kwenye rili ambayo kigurudumu hicho hakizunguki nalilaza chini kabisa ya kigurudumu, mizunguko inayotoka isije ikalikwaa.

Kama mshipi mkuu ni breidi, yaani uzi mwembamba uliosukwa, fundo ninalolitetea ni lile liitwalo FG. Breidi inavutwa ikakazwa, halafu nailoni nene inapitishwa juu na chini yake kwa kupokezana, mara 20 hivi, kila mzunguko ukikaa kando ya mwenzake bila kupandana. Kisha unaufungia kwa vifundo vidogo viwili au vitatu, unalowesha kwa mate, na unavuta pande zote mbili polepole kwa nguvu zako zote ukiwa umevaa glavu. Tazama rangi: fundo likikaza sawasawa, breidi inageuka kuwa nyeusi zaidi na inazama kidogo katika ngozi ya nailoni. Isipobadilika rangi, fungua uanze upya, kwa sababu fundo hilo litateleza. Likishakaza, kata mkia wa nailoni karibu kabisa, piga vifundo vingine vichache vya breidi kufunika pale, na litapita kwenye pete za fimbo bila kugonga. Ni fundo linalochosha kujifunza na linastahili uchovu huo.

Baada ya hapo rigi ya mchanga ni jambo jepesi. Chubwi linaning'inia kwenye kitelezi, yaani kibomba kidogo chenye klipu, kinachopita kwenye lida ya kurushia. Chini ya kitelezi unatia ushanga mmoja wa plastiki ili kisigonge fundo. Kisha swiveli imara, yaani kiungo cha chuma kinachozunguka, halafu lida fupi ya nailoni ya paundi 80 hadi 100, halafu ndoana. Hivyo tu. Kila kitu unachoongeza hapo ni fundo jingine, na kila fundo ni mahali pa kukatikia. Nimeona rigi zenye shanga za rangi saba, viboya na mikono ya waya miwili. Kwa samaki wa kitoweo sawa, kwa samaki wa kilo 20 sioni kazi yake.

Kuhusu chubwi lenyewe, acha bahari ikuambie. Kwenye mchanga wenye mkondo wa wastani lile la umbo la piramidi hujichimbia na kukaa. Bamvua ikija na mkondo wa pembeni ukaanza kulikokota, hamia lenye miguu ya waya: miguu inashika mchanga, na ukivuta kwa nguvu inajikunja na kuachia. Maji mafu hayadai yote hayo. La mviringo liache nyumbani, isipokuwa unataka chambo kitembee.

Ndoana ninayoipenda kwa rigi hii ni ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani kuelekea shina. Samaki akigeuka, ndoana inateleza ndani ya mdomo hadi kwenye pembe ya taya, kisha inajizungusha na kunasa pale. Wavuvi wa halibati, samaki bapa mkubwa, wa Pasifiki ya Kaskazini walizihamia kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu moja tu, zilinasa samaki wengi zaidi. Masharti yake ni mawili. La kwanza, usiipige fimbo juu unapoona inagonga. Acha fimbo kwenye kishikio chake, breki ikiwa imekazwa kiasi, mpaka ncha ya fimbo ijikunje na ibaki imejikunja, ndipo uishike na uanze kuzungusha rili. La pili, ncha iwe wazi. Chambo kikijaza mdomo wa ndoana haina pa kunasia. Ndiyo maana naipima ndoana kwa chambo na si kwa samaki ninayemtamani: kwa kichwa cha mkizi natumia namba 8/0 hadi 10/0 za ukubwa wa ndoana, na naipitisha mara moja tu kwenye mfupa mgumu wa midomo, shina na ncha vikibaki nje. Kichwa kina faida nyingine: kaa na samaki wadogo hawakimalizi haraka kama mnofu.

Sasa fundo la ndoana, na hapa naomba twende polepole. Ndoana ya duara haifungwi kwa fundo lolote linaloshika tu. Mwelekeo wa uzi unabadilisha kazi yake. Shika ndoana ncha ikikutazama. Ingiza uzi kwenye tundu kutoka upande ule ule wa ncha, si kutoka mgongoni. Ulaze uzi kando ya shina kuelekea kwenye mkunjo, halafu rudisha mkia kuelekea tunduni ili upate kitanzi kirefu kilicholala juu ya shina. Bana vyote kwa kidole gumba. Sasa zungusha mkia ndani ya kitanzi, ukilizunguka shina pamoja na uzi uliolala, mara saba, kila mzunguko ukikaa kando ya uliotangulia. Lowesha. Vuta mkia kwanza mpaka mizunguko ijipange, kisha vuta uzi mkuu, na mwisho bana mkia kwa koleo, tia mkunjo wa ndoana kwenye kitu kigumu na uvute mpaka nailoni isogee mara ya mwisho na kusimama. Utaisikia inapokaa. Ukilifunga hivyo, uzi unatokea kwenye tundu upande wa ncha, na ukiuvuta, shina linalala na ncha inajitokeza nje. Jaribu kuzungushia uzi kiganja na kuvuta ndoana taratibu, uone inavyogeuka. Ingiza uzi kutoka mgongoni uvute tena: ncha inajificha. Hiyo tofauti ndogo ndiyo inayoamua kama samaki atanasa au ataachia.

Uzi ukifika paundi 130 na kuendelea, mafundo hayakazi vizuri tena, nami naacha kupigana nayo. Natumia vibana vya chuma laini, vile vya mabomba mawili sambamba. Uzi unaingia bomba moja, unapita tunduni, unarudi bomba la pili. Unabonyeza katikati kwa koleo lake maalumu na kuacha milimita moja kila mwisho bila kubonyezwa, ili mdomo wa kibana ubaki mpana kidogo. Ukibonyeza hadi ukingoni, ukingo huo unageuka kuwa kisu na nailoni inakatikia papo hapo. Mkia unaunguzwa kidogo kwa kiberiti cha gesi mpaka utengeneze kichwa kidogo, lakini moto usiuguse uzi wa upande wa pili.

Yote haya ni ya mchanga. Kwenye miamba mpango unabadilika, maana adui si mkondo tena, ni chubwi lenyewe kukwama samaki akiwa tayari kwenye ndoana. Waingereza wana jibu zuri sana kwa hili, rigi ya kapi. Uzi mmoja mnene wa paundi 60 hadi 80 unapita kwenye tundu la swiveli iliyounganishwa na lida ya kurushia. Mwisho mmoja wa uzi una chubwi, mwingine una ndoana. Samaki akivuta upande wake, upande wa chubwi unapanda hadi kugota kwenye swiveli, na chubwi linakokotwa juu ya kichwa cha samaki badala ya kuburuzwa kwenye nyufa. Wakati wa kurusha, ndoana inatundikwa kwenye klipu iliyo juu ya chubwi ili chambo kiruke nyuma yake; ikigonga maji klipu inaiachia. Kwenye miamba mibaya wanaongeza kipande cha uzi dhaifu kati ya klipu na chubwi, ili chubwi likikwama likatike peke yake na samaki aokolewe. Tahadhari hapa ni kubwa: uzi huo dhaifu usibebe uzito wakati wa kurusha hata mara moja. Lazima iwepo klipu inayobeba chubwi hewani na kuliachilia likigusa maji. Bila klipu hiyo, usiuweke.

Kwenye rigi ya kapi huwezi kushika sentimita 20, na sijaribu. Umbali huo unaupoteza ili uokoe chubwi, ni haki. Ninachofanya ni kuifupisha kadiri inavyoruhusu na kubaki na ndoana ya duara.

Halafu kuna samaki ambao chambo chao hakirushiki. Papa mkubwa anataka samaki mzima au nusu yake, kilo nzima ya chambo, na hakuna fimbo itakayokipeleka mita 80. Wavuvi wa Afrika Kusini wametatua tatizo hili kwa njia inayonifurahisha kila nikiifikiria. Wanarusha chubwi lenye miguu ya waya peke yake, mbali kadiri wawezavyo, wanavuta mshipi ukakaza, halafu wanapachika kwenye mshipi kitelezi chenye lida, ndoana na chambo, na kukiacha kiteremke. Fimbo inainuliwa juu, mawimbi yanafanya kazi ya kukisogeza, na chambo kinashuka kwenye mshipi mpaka kinafika kwenye lida. Pale kuna kizuizi kidogo ambacho kitelezi kinakipita kikienda lakini hakiwezi kukipita kikirudi. Samaki akivuta, anavuta mshipi wote. Njia hii inataka mahali palipoinuka kidogo, mwamba au kingo za ufukwe mwinuko, ili mshipi uwe na mteremko. Kwenye ufukwe bapa kitelezi kinalala njiani.

Kwa wenye meno, nailoni haitoshi. Waya mmoja mgumu hufungwa kwa kusokotwa: nusu ya kwanza waya zote mbili zinapindana pamoja kama herufi X mara nne au tano, kisha mkia unazungushwa kwa mizunguko iliyobanana mara nne au tano. Mkia haukatwi. Unakunjwa kuwa mpini mdogo na kuzungushwa huku na huku mpaka ukatike wenyewe, kwa sababu waya uliokatwa kwa koleo unaacha ncha inayochana mkono unaomshika samaki. Tena kwa papa waya pekee si kinga. Ngozi yake ni msasa, na mkia wake unapiga uzi muda wote anapokwenda, kwa hiyo nyuma ya waya weka nailoni nene iliyo ndefu kuliko samaki unayemtarajia. Wengi wanaopoteza papa hawakatiwi na meno, wanakatiwa na mkia. Taa naye ana mwiba wake, lakini huo unahusu miguu yako zaidi ya lida yako. Na kabla hujafunga waya soma kanuni za ufukwe wako, maana ziko fukwe ambako papa haruhusiwi kuvuliwa kutoka nchi kavu, au ambako aina fulani zinatakiwa kuachiliwa bila kutolewa majini.

Kuachilia nako kunaanza kwenye rigi. Tumia ndoana ya chuma cha kawaida, si kile kisichoshika kutu, na bonyeza kijino chake kwa koleo. Samaki mkubwa asiburuzwe hadi kwenye mchanga mkavu. Uzito wake aliozoea kubebewa na maji unamwumiza viungo vya ndani. Simama naye maji yakimfika mgongoni, geuza ndoana kwa koleo refu. Kama imezama ndani usiichokonoe, kata lida karibu na tundu umwache aende. Hapo tena lida fupi inakusaidia, kwa sababu unachomwachia ni kipande kidogo.

Jambo la mwisho ni la kufanya kila unapovuta rigi, uwe umepata samaki au hujapata. Pitisha lida kati ya kucha ya kidole gumba na kidole cha shahada, kuanzia ndoana hadi kwenye ushanga, kisha mita mbili za lida ya kurushia. Gamba la chaza, mchanga na meno ya samaki mdogo aliyegusa chambo huacha mikwaruzo isiyoonekana kwa macho usiku, lakini kucha inaisikia. Ukihisi kwaruzo, kata. Lida ya sentimita 20 ni rahisi kuifunga upya, na mimi huwa nimeshafunga kadhaa nyumbani, kila moja na ndoana yake, zimewekwa kwenye mfuko zikiwa zimenyooka.